Jiwe Linapoteleza

Leo nakupeleka mbali kidogo, kwenye Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Japani, mahali ambapo kina cha maji kinakaribia kilomita 7. Mwaka 2012 meli ya utafiti iitwayo Chikyu ilijishikilia hapo kwa mitambo yake, ikashusha mabomba hadi sakafu ya bahari, kisha ikachoronga zaidi ya mita 800 ndani ya sakafu yenyewe. Ndani ya shimo hilo watafiti wakaingiza kamba yenye vipimajoto 55, wakaviacha huko miezi tisa. Aprili 2013 chombo cha kuzamia kisicho na mtu ndani yake kikaenda kuvichukua. Takwimu zilipofunguliwa, wakakuta walichokifuata: kwenye kina cha mita kama 820 chini ya sakafu ya bahari palikuwa na joto la ziada, kiasi cha nyuzi 0.31 za Selsiasi.

Theluthi moja ya nyuzi. Utauliza, meli nzima na mitambo yake yote kwa ajili ya theluthi ya nyuzi? Ndiyo, na kwa maoni yangu kazi ile ni miongoni mwa vipimo vya thamani kubwa kabisa kuwahi kufanywa katika elimu ya matetemeko ya ardhi. Mahali pale ndipo mabamba mawili ya gamba la dunia yalipoteleza tarehe 11 Machi 2011, katika tetemeko la ukubwa wa 9 lililoleta tsunami na kuacha zaidi ya watu 18,000 wamekufa au hawajulikani waliko. Mawe mawili yakisuguana hutoa joto. Ukijua joto lililobaki, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu ukajua yalisuguana kwa ukali gani. Jibu walilolipata liliwashangaza wengi, nitalifikia.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Kila ardhi inapotikisika, simu zinazoingia studio huwa na swali moja: mbona wataalamu hawakutuambia mapema? Naliheshimu swali hilo, hasa likitoka kwa mtu aliyelala nje usiku kucha na watoto. Lakini limelifunika swali jingine lenye faida zaidi kwa sababu lina majibu: ufa upi unaweza kuchomoka, sehemu yake ipi, kwa urefu gani na kina gani, na ardhi itatikisika kwa nguvu gani pakitokea hivyo? Maswali hayo hujibiwa kwa modeli za kompyuta. Na modeli, hata ikiendeshwa na kompyuta yenye ukubwa wa ukumbi wa mikutano, haijui lolote kuhusu jiwe ambalo hakuna aliyelipima.

Kabla hatujaenda maabara, kuna jaribio unaloweza kulifanya uani kwako. Tafuta tofali la kuchoma, uliweke juu ya ubao. Lifunge kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha uvute mpira huo polepole, mkono wako usibadilishe mwendo. Mwanzoni tofali halijongei. Mpira ndio unaonyooka. Unavuta, unavuta, mara tofali linachomoka, linaruka sentimita kadhaa, linasimama. Endelea kuvuta, litakwama tena na kuchomoka tena. Mkono wako ni mwendo wa mabamba ya dunia, ambayo hayana haraka wala hayapumziki. Mpira ni miamba inayozunguka ufa, maana mwamba nao hupinda na kunyumbuka ukivutwa kwa miaka mia. Na pale tofali linapogusana na ubao, pale ndipo ufa ulipo. Ukirudia mara nyingi utaona jambo jingine: tofali haliruki umbali ule ule kila mara, wala halikai muda ule ule kati ya mruko na mruko. Shika hilo, tutalihitaji.

Wa kwanza kulieleza vizuri jambo hili ni Mmarekani Harry Fielding Reid, mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Nyua za mashamba zilizokatiza ufa wa San Andreas zilikutwa zimekatika, upande mmoja umehama mita kadhaa kutoka kwa mwenzake. Reid alichukua vipimo vya wapima ardhi vya tangu katikati ya karne ya 19 akavilinganisha na vya baada ya tetemeko. Akaona kwamba ardhi ya mbali na ufa ilikuwa imekwisha kusogea tangu zamani, na ile ya karibu ndiyo iliyokuwa imeshikwa. Siku ya tetemeko ile iliyoshikwa ikaifuata ya mbali kwa kishindo. Maelezo hayo bado yanasimama. Kilichokosekana ni kuujua ule mshiko wenyewe: nini kinaushika ufa, na kwa nini ufa unachomoka ghafla badala ya kuteleza taratibu?

Hapo ndipo mawe yalipoanza kupelekwa maabara. Mwaka 1966 William Brace na James Byerlee wa chuo cha MIT walichukua vipande vya matale, wakavikandamiza kwa nguvu kama ile iliyoko kilomita kadhaa ardhini, na wakavisukuma mpaka vikateleza kwenye ufa uliokwisha kuwamo. Havikuteleza kwa utulivu. Vilikwama, vikachomoka, vikakwama. Wakasema: huenda tetemeko si mwamba mzima unaovunjika upya, ni ufa wa zamani unaochomoka kwa mara nyingine. Leo wazo hilo linaonekana la kawaida, lakini kabla yao wengi waliamini kwamba kila tetemeko ni mwamba kupasuka.

Byerlee hakuishia hapo. Alikusanya vipimo vya mawe ya kila namna, na mwaka 1978 akachapisha matokeo ambayo kila mwanafunzi wa jiolojia huyakariri: ukiyakandamiza mawe mawili kwa nguvu ya tani 100, utahitaji kati ya tani 60 na 85 kuyatelezesha, na aina ya jiwe haibadilishi sana jibu. Matale, chokaa, mchanga mgumu, karibu sawa. Udongo mfinyanzi pekee ndio uliogoma kufuata kanuni, na ugomvi huo wa udongo mfinyanzi umekuja kuwa hadithi nzima.

Kanuni ya Byerlee ilikuwa nzuri mno, ikaleta taabu. Ikiwa ufa wa San Andreas umekuwa ukisuguana kwa nguvu hiyo kwa mamilioni ya miaka, ardhi ya kando yake ingepaswa kuwa na joto la ziada. Wataalamu walichoronga mashimo, wakapima, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakatangaza kwamba hawalioni. Ama mawe ya maabara yalikuwa yanadanganya, ama ufa huo una kitu ambacho mawe ya maabara hayana. Mabishano yakachukua miongo. Kwa upande wangu napenda sana kipindi hicho cha historia ya sayansi, kwa sababu hakuna aliyeweza kushinda kwa maneno. Ilibidi mtu ashuke akalilete jiwe.

Wakati wakibishana kuhusu nguvu ya msuguano, James Dieterich wa idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani alikuwa anaangalia kitu kidogo zaidi: msuguano unabadilikaje? Aliacha mawe yakae yamegandamizana kwa sekunde moja, kumi, mia, elfu, kisha akayasukuma. Kila muda ulipozidishwa mara kumi, mshiko uliongezeka kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo ufa uliotulia haupumziki. Unajishona. Baadaye, mwaka 1994, yeye na Brian Kilgore walionyesha kwa macho jinsi inavyokuwa. Walitumia vitu vinavyopitisha mwanga, kioo kikiwamo, wakavikandamiza pamoja na kupitisha mwanga huku wakitazama kwa hadubini. Nyuso mbili zilizosuguliwa vizuri, ambazo kwa macho ya kawaida ungeapa zimegusana kote, zilikuwa zimegusana kwenye vidoa vidogo vilivyotawanyika, na kwingine kote kulikuwa wazi. Mwanga ulipita kwenye vidoa hivyo tu. Na kadiri dakika zilivyokwenda, vidoa vikawa vinapanuka. Ukisukuma, vidoa vya zamani vinakatika na vipya vinazaliwa, ambavyo havijapata muda wa kukua. Nguvu nzima ya ufa wa mamia ya kilomita imeshikiliwa na vidoa vya namna hiyo, na umbali wa kuvikata vidoa maabara hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita.

Dieterich, na baada yake Andy Ruina mwaka 1983, waliyaweka mambo haya katika milinganyo. Kwa ufupi, msuguano unategemea vitu viwili: kasi ya kuteleza wakati huu, na historia ya mguso tangu zamani. Kuna mawe ambayo ukiyaongezea kasi yanapunguza mshiko. Hayo yakianza kuteleza hayajizuii, na hapo tetemeko linazaliwa. Kuna mengine ambayo ukiyaongezea kasi yanaongeza mshiko, yanajifunga breki yenyewe, na ufa wake hujongea polepole bila kishindo. Mjini Hollister, California, utaona jambo la pili kwa macho: ufa wa Calaveras unapita katikati ya mitaa ya watu, na kingo za barabara na kuta za nyumba zimepinda taratibu, mwaka hadi mwaka, bila hata sahani kudondoka kabatini.

Sasa unaona modeli inapataje uhai. Zamani hesabu za hatari zilitegemea kalenda: matetemeko yaliyopita yalitokea miaka gani, tutoe wastani, tusubiri linalofuata. Parkfield, kijiji kidogo cha California, kilikuwa mfano uliopendwa. Kilitikiswa mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wastani wa miaka 22 hivi. Wataalamu wakatangaza kwamba linalofuata litakuja kabla ya 1993, wakajaza vyombo vya kila aina bondeni. Wakangoja. Tetemeko likaja tarehe 28 Septemba 2004, mahali palepale, la ukubwa wa 6 kama walivyosema, miaka 11 baada ya muda kupita, bila ishara yoyote ya wazi kuonekana kwenye vyombo vile. Tofali lilikuwa limekwisha kuwaambia: mruko haufuati saa.

Modeli za siku hizi hazianzi na kalenda. Kompyuta hukata ufa vipande vidogovidogo, kila kipande hupewa tabia ya msuguano iliyopimwa au kukadiriwa kutokana na mawe yake, kisha mfumo mzima huvutwa kwa maelfu ya miaka ya kwenye hesabu. Matetemeko hayaingizwi kwa mkono. Yanajitokeza yenyewe, makubwa na madogo, yakichocheana kutoka ufa mmoja hadi mwingine. Mwaka 2018 programu moja ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya milinganyo ya Dieterich, ilitumiwa kwa nyufa zote za California, na matokeo yake yakalinganishwa na ramani rasmi ya hatari iliyotayarishwa kwa njia nyingine kabisa, ya takwimu na maoni ya wataalamu. Zilikaribiana sana. Njia mbili tofauti zikikutana mahali pamoja, mtu wa tahadhari hutabasamu kidogo.

Sasa turudi kwenye fumbo la joto. Kati ya 2004 na 2007, karibu na Parkfield hiyohiyo, Wamarekani walichoronga kisima kilichoanza wima kisha kikapindishwa hadi kuutoboa ufa wa San Andreas kwenye kina cha kilomita 2.7 hivi, katika sehemu inayojongea bila kishindo. Walichokitoa hakikuwa mwamba unaoweza kuujengea msingi. Kilikuwa udongo mfinyanzi wa kijani-kijivu, laini, wenye utelezi, katika kanda mbili, na hata iliyo pana zaidi haifiki mita 3. Mabamba mawili ya dunia yanapishana ndani ya upana wa chumba cha kulala! Sampuli zilipopimwa, mwaka 2011 majibu yakatoka: kwa kila tani 100 za mkandamizo, tani 15 hivi zinatosha kutelezesha. Robo ya ile ya Byerlee, au chini yake. Na udongo huo ni wa aina inayojifunga breki kasi ikiongezeka. Kwa sehemu hiyo ya ufa, fumbo la joto likafumbuliwa, na sababu ya kujongea kwake ikashikika mkononi.

Ukiishia hapo utasema mambo ni rahisi: penye udongo mfinyanzi pako salama, penye jiwe gumu pana hatari. Hivyo ndivyo wengi walivyofikiri kuhusu handaki la chini ya bahari mashariki ya Japani. Sehemu ya juu kabisa ya ufa ule, inayokaribia sakafu ya bahari, ilijulikana kuwa na udongo laini, na kwenye modeli nyingi ilipewa kazi ya breki: tetemeko likitoka chini litafika hapo lichoke. Katika tetemeko lile la Machi 2011 breki hiyo ilishindwa. Vipimo vya sakafu ya bahari vya kabla na baada vilipolinganishwa, sakafu ilionekana imesogea mita 50 kuelekea kwenye handaki. Mita 50 kwa mkupuo mmoja, tena kwenye sehemu iliyodhaniwa haiwezi. Kusogea huko kwa sakafu ndiko kulikoinua maji na kuifanya tsunami iwe kubwa vile.

Kosa lilikuwa wapi? Naona lilikuwa kwenye kasi ya majaribio. Kwa miongo mingi mawe maabara yalikuwa yakitelezeshwa kwa mwendo wa kobe, sehemu za elfu za milimita kwa sekunde, kwa sababu ndivyo mashine zilivyoweza. Tetemeko lenyewe hutelezesha ufa kwa mita moja kwa sekunde au zaidi, mwendo wa mtu anayetembea. Tofauti ni mara milioni. Toka miaka ya 1990 Mjapani Toshihiko Shimamoto na wenzake walitumia mashine za kuzungusha: vipande viwili vya jiwe vyenye umbo la mche duara vinagandamizwa uso kwa uso, kimoja kinazungushwa kwa kasi ileile ya tetemeko. Mwitaliano Giulio Di Toro na wenzake waliendeleza kazi hiyo, na huko Roma ikajengwa mashine kubwa zaidi ya aina hiyo. Jiwe likizungushwa hivyo linatoa cheche, linawaka rangi ya chungwa, na mengine yanayeyuka kabisa kwenye mguso. Na msuguano unaporomoka. Mawe ambayo kwa mwendo wa kobe yanadai tani 60, kwa mwendo wa tetemeko yanaridhika na 20, au 10.

Udongo wenye maji una njia yake. Msuguano unayapasha moto maji yaliyofungiwa ndani ya vijitundu vyake, maji yanataka kutanuka na hayana pa kutokea, shinikizo linapanda mpaka linaubeba mzigo wa juu. Mawe yaliyogandamizana yanakuwa kama hayajagandamizana. Kwa hiyo udongo uleule unaojifunga breki mwendo ukiwa mdogo unaweza kuachia kila kitu mwendo ukiwa mkubwa, ikiwa tetemeko limeufikia likiwa na kasi ya kutosha. Mwaka 2013 Hiroyuki Noda na Nadia Lapusta waliiweka tabia hiyo ya sura mbili kwenye modeli. Ikaonyesha kipande cha ufa kinachojongea kwa utulivu kwa muda mrefu, na siku moja, kikifikiwa na tetemeko kubwa kutoka jirani, kinachomoka pamoja nalo.

Na vile vipimajoto vya Chikyu? Joto la nyuzi 0.31 lilipopitishwa kwenye hesabu, likatoa jibu kwamba siku ile ya 2011 ufa uliteleza kwa tani 8 tu kwa kila tani 100. Udongo uliotolewa kwenye shimo lilelile, ulipozungushwa maabara kwa kasi ya tetemeko, nao ukaonyesha msuguano mdogo hivyohivyo. Maabara na bahari vikasema neno moja. Ukanda wenyewe wa ufa, uliobeba mita 50 za mwendo, hauzidi unene wa mita 5.

Habari ya maji nisiiache ipite hivihivi, maana inatuhusu kwa upande mwingine. Kuanzia 1969, kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely, Colorado, wataalamu walipima msuguano wa mawe ya hapo maabara, wakapima mkandamizo ulioko chini, wakatabiri ni shinikizo gani la maji litaufungua ufa: bari 257. Wakapandisha shinikizo kwa kusukuma maji visimani, matetemeko madogo yakaja. Wakalishusha, yakakoma. Tena na tena. Ni nadra sayansi ya ardhi kupata jaribio safi kiasi hicho. Siku hizi maji yanarudishwa ardhini katika miradi ya mvuke wa ardhini, Olkaria ya Kenya ikiwa mmojawapo, na kanuni ya Rangely ndiyo inayomwezesha mhandisi kusema kisima hiki kisukumwe hadi hapa, kisizidi. Palipopuuzwa, kama Pohang, Korea Kusini, Novemba 2017, mji ulipata tetemeko la ukubwa wa 5.5 lililohusishwa na visima vya mradi wa joto la ardhini.

Basi tuje nyumbani, Bonde la Ufa. Wakazi wa Nairobi mtakumbuka Julai 2007, watu walivyoshuka maghorofani mbio. Chanzo kilikuwa kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Gelai na ziwa Natron. Picha za rada za setilaiti zilionyesha kwamba ufa wa pale uliteleza kwa siku kadhaa, polepole, kiasi kikubwa kuliko matetemeko yaliyosikika yangeweza kueleza. Kisha magma ikajipenyeza ardhini kama ubao uliosimamishwa wima. Kwa maneno mengine, ule ujongeaji wa kimya wa maabara tunao hapa kwetu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kina. California matetemeko hukoma kwenye kilomita 15 hivi, kwa sababu chini ya hapo mawe yana joto linalofikia nyuzi 350, yanalainika, yanatiririka badala ya kukwama. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kuangalia California. Sasa chukua tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba nyingi na majengo ya shule kule Bukoba. Kina chake kilikadiriwa kuwa karibu kilomita 40. Na si peke yake. Kuanzia ziwa Tanganyika hadi ziwa Nyasa matetemeko ya kilomita 30 na zaidi ni ya kawaida. Kwa kanuni ya California hayakupaswa kuwapo.

Jawabu limeanza kupatikana kwa kuyauliza mawe ya hapahapa. Kundi la watafiti walichukua miamba ya kale ya Malawi, ya aina ile iliyoko chini kabisa ya gamba la Bonde la Ufa, wakaisaga na kuitelezesha maabara kwenye joto la hadi nyuzi 700. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanaonyesha kwamba mawe haya magumu, makavu, yaliyokwisha kupikwa tangu enzi za kale, bado yana uwezo wa kukwama na kuchomoka kwenye joto ambalo mawe mengine yamekwisha kulainika. Gamba letu ni la kizee na limepoa, halilegei mapema.

Jambo hilo linabadilisha hesabu kwa namna ambayo haihitaji kompyuta. Ukubwa wa tetemeko hutokana na eneo la ufa lililochomoka na umbali lilioteleza. Ufa wenye urefu wa kilomita 100 unaokomea kilomita 15 chini ni kitu kimoja; ufa huohuo ukifika kilomita 30, eneo lake ni mara mbili. Eneo likiwa mara mbili, ukubwa unaongezeka kwa 0.3, na 0.3 hiyo ni nishati karibu mara tatu. Na nyufa za urefu huo tunazo. Malawi upo wa Bilila-Mtakataka, zaidi ya kilomita 100, kingo yake inaonekana kwa macho kwenye tambarare. Kusini magharibi mwa Tanzania upo wa Kanda, karibu na Sumbawanga, ambao wanajiolojia wanauhusisha na tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910, la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Subukia, Kenya, tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38. Karonga ya Malawi nayo, Desemba 2009, ilitikiswa kwa majuma na ufa ambao haukuwa umetambuliwa kuwa hai, wakati macho ya wote yalikuwa kwenye ule mkubwa wa kando ya ziwa Nyasa.

Wakati nyufa hizo zilipochomoka mwaka 1910 na 1928, maeneo yale yalikuwa na watu wachache na nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Leo Sumbawanga, Mbeya na Karonga zinajengwa kwa tofali na zege, na ramani za hatari zinazotumika zinatoka kwenye modeli. Mhandisi anayekabidhiwa ramani ya namna hiyo ana haki ya kumuuliza aliyeichora maswali mawili kabla ya kumwaga zege la msingi: ufa huu mmeuhesabu hadi kina gani, na mawe mliyotumia yalitoka wapi?